Je, John Mugabi Alisifiwa Kupita Kiasi?

(Hotuba iliyosomwa na karani mstaafu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi la Gitting, katika mjadala wa jioni. Yachapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao walikuwa zamu wasiweze kuhudhuria.)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusimama mbele yenu jioni hii, ijapokuwa baridi ya Gitting yatutaka sote tuwe karibu na moto. Mimi sikuzoea kusema mbele za watu. Miaka 40 ya kazi yangu niliitumia katika masjala na katika ofisi za hesabu, mahali ambapo mtu husifiwa kwa kunyamaza. Kwa hiyo nikikosea neno, nawasihi mnisamehe. Nikikosea jambo, nawasihi mnisahihishe.

Hoja iliyo mbele yetu yasema hivi: "Kwamba John Mugabi wa Uganda, aliyekuwa bingwa wa dunia katika mchezo wa ngumi, alisifiwa kupita kiasi." Ndugu aliyenitangulia ameitetea kwa ufasaha, nami nimepewa kazi ya kuipinga. Nitaipinga, walakini si kwa namna ambayo huenda mwaitazamia. Maana mengi aliyoyasema nayakubali, na nusu ya hotuba yangu itakuwa ni kumsaidia.

Kabla ya kuingia katika jambo lenyewe, yanipasa kumjibu mwanachama mmoja aliyeniuliza pale mlangoni, "Chama cha watumishi kina haja gani na mambo ya ngumi?" Swali hili ni la haki. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika katika Tanganyika, michezo na masomo vilikuwa miongoni mwa shughuli zao. Basi hatukuanza sisi. Tena, ndugu zangu, kazi ya kumpima mtu ni kazi yetu ya kila siku. Twapendekeza nani apandishwe cheo, nani apelekwe masomoni, nani aaminiwe funguo za kasha. Sasa ikiwa hatuwezi kumpima kwa haki mtu ambaye kazi yake ilitazamwa na maelfu, chini ya taa kali, na saa ikihesabiwa, tutampimaje yule ambaye kazi yake imefungwa ndani ya majalada?

Kwa ajili ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, nitaeleza kwa ufupi Mugabi alikuwa nani.

Alizaliwa Kampala mwaka 1960. Mwaka 1980 alikwenda Moscow katika michezo ya Olimpiki, akapata nishani ya fedha katika ngumi za uzito wa kilo 67. Aliyemshinda katika pambano la mwisho alikuwa Andrés Aldama wa Cuba. Ndiyo michezo ile ile ambayo Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, jirani zetu hapa, na Suleiman Nyambui walileta Tanzania nishani mbili za fedha katika mbio. Mwishoni mwa mwaka huo Mugabi aliingia katika ngumi za kulipwa, akisimamiwa na Mickey Duff wa London. Tangu hapo hata mwanzoni mwa mwaka 1986 alipigana zaidi ya mara 20, akashinda zote; wala hapana hata pambano moja lililofika kengele ya mwisho. Kila aliyesimama mbele yake, ama alianguka asiinuke kwa wakati, ama mwamuzi alimhurumia akasimamisha. Watu wa magazeti wakampa lakabu ya "Mnyama".

Mimi nilikuwa karani kijana siku zile, na nakumbuka jinsi habari zake zilivyotufikia. Mwaka 1986 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Tulisikia kwa redio, na tulisoma katika magazeti yaliyochelewa, yaliyopita katika mikono mingi hata yakalegea. Kila aliyesimulia aliongeza chumvi yake. Yupo aliyesema ati Mugabi akikupiga begani, mkono hufa ganzi wiki nzima. Tuliamini. Alikuwa jirani yetu, Mwafrika Mashariki mwenzetu, na ulimwengu ulimwogopa. Nani angetaka kuuliza maswali?

Hapa ndipo ninapomsaidia mwenzangu. Tulipaswa kuuliza.

Swali la kwanza ni hili: hao waliopigwa walikuwa akina nani? Wengine walikuwa watu wa maana. Curtis Parker, Frank Fletcher na Earl Hargrove wa Marekani hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Wote watatu walikuwa na majina yao, na wote watatu walishindwa kabla ya kengele ya mwisho. Lakini wengi wa wengine walichaguliwa kwa sababu walitazamiwa kuanguka. Ndivyo ilivyo biashara ya ngumi. Msimamizi wa bondia kijana humtafutia wapinzani kwa kipimo: huyu ili ajifunze, huyu ili ajulikane, huyu ili kitabu chake kibaki safi. Kitabu safi huuza tikiti. Mshindi wa mara 20 asiyejua kushindwa ana bei kuliko mshindi wa mara 30 aliyeshindwa mara 4, hata kama huyo wa pili ndiye aliyekutana na simba wengi zaidi. Sisi wa Gitting twalijua jambo hili kwa njia ya ngano. Shuke lisilo na punje husimama wima, na mpita njia hulisifu, lililojaa huinama. Lakini mkulima halitazami kwa macho tu, hulipukusa mkononi.

Swali la pili ni lile alilolisisitiza mwenzangu, nami nalirudia kwa tarehe zake. Mara 5 John Mugabi alipanda ulingoni kugombea au kulinda taji la dunia. Tarehe 10 Machi 1986, Las Vegas, alishindwa na Marvin Hagler katika raundi ya 11. Tarehe 5 Desemba mwaka ule ule alipigana na Duane Thomas kwa taji la baraza la WBC la kilo 70 lililokuwa wazi. Akaumia jicho, na mwamuzi akasimamisha katika raundi ya 3. Tarehe 8 Julai 1989, huko Ufaransa, alimshinda René Jacquot akalipata taji hilo hilo. Tarehe 31 Machi 1990, Tampa, akalipoteza kwa Terry Norris katika raundi ya 1. Na tarehe 20 Novemba 1991, London, akigombea taji la WBO la uzito wa juu kidogo, aliangushwa na Gerald McClellan, tena katika raundi ya 1. Kushindwa mara 4, kushinda mara 1.

Na huko kushinda kwenyewe, ndugu zangu, kulikuwaje? Jacquot alikuwa ameushangaza ulimwengu mwezi wa Februari mwaka huo kwa kumshinda Donald Curry wa Marekani. Lakini alipokutana na Mugabi, pambano halijamaliza raundi ya 1, alianguka akateguka kifundo cha mguu, asiweze kusimama kupigana. Hivyo ndivyo Mugabi alivyoitwa bingwa wa dunia. Simlaumu, bondia hashiki kifundo cha mguu wa mwenziwe. Lakini twapaswa kukiri ya kwamba mkanda ule haukutuambia neno jipya juu ya uwezo wake.

Mwenzangu amemlinganisha pia na Ayub Kalule, Mganda mwenziwe aliyemtangulia. Kalule alishinda nishani ya dhahabu ya ubingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana mwaka 1974. Tarehe 24 Oktoba 1979 alikwenda Japani, nyumbani kwa bingwa Masashi Kudo, akapigana raundi 15 kamili, akamshinda kwa pointi akatwaa taji la WBA. Akalilinda zaidi ya mara moja. Alipolipoteza, tarehe 25 Juni 1981 huko Houston, alilipoteza mbele ya Sugar Ray Leonard, katika raundi ya 9. Mugabi hakulilinda taji lake hata mara moja. Basi ikiwa twahesabu mataji, Kalule ni mkubwa zaidi, na hapana haja ya ubishi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kama hoja ingesema kwamba kitabu cha Mugabi cha kabla ya Machi 1986 kilisifiwa kupita kiasi, ningeketi chini sasa hivi. Na kama ingesema kwamba mkanda wake wa 1989 ulisifiwa kupita kiasi, ningeketi pia. Lakini hoja haisemi kitabu wala mkanda. Yasema mtu. Na mtu yule, kwa maoni yangu, hakupimwa na kitabu wala na mkanda. Alipimwa usiku mmoja tu, nao ni usiku alioshindwa.

Nawaombeni tutulie kidogo katika usiku ule.

Marvin Hagler alikuwa bingwa wa kilo 72 na nusu tangu Septemba 1980, alipokwenda London akamshinda Alan Minter nyumbani kwake. Alishika mikanda yote mitatu iliyokuwa mikubwa wakati ule. Aprili 1985 alikuwa amemwangusha Thomas Hearns katika raundi ya 3, katika pambano ambalo watu wa ngumi hawajaacha kulisimulia. Alikwisha kulinda taji lake mara 11. Huyo ndiye mtu ambaye Mugabi alipelekwa kwake. Tena Mugabi hakuwa mtu wa uzito ule. Kazi yake kubwa alikuwa ameifanya katika uzito wa chini yake, wa kilo 70. Pambano lilipangwa kuwa Novemba 1985, likaahirishwa kwa sababu Hagler aliumia katika mazoezi. Kwa hiyo kijana huyu alikaa miezi mingine akimngoja mtu ambaye kila mwenye akili alijua kuwa ni hatari kuliko wote aliopata kukutana nao.

Miaka mingi baadaye, mpwa wangu alinionyesha picha za pambano lile katika simu yake. Nilikuwa nimelisimulia kwa miaka 30 bila kuliona! Nilikaa kitini nikalitazama tangu mwanzo hata mwisho, nikaona mambo ambayo redio haikutuambia.

Niliona kwanza kwamba Mugabi hakuwa mpiga nguvu tupu. Alikuwa na mkono wa kushoto ulionyooka, wa haraka, uliomfikia Hagler mara nyingi katika raundi za mwanzo. Niliona pili kwamba alipigwa, na alipigwa sana. Mtu aliyezoea kuona wenziwe wakianguka, akimpiga mmoja kwa nguvu zote naye asianguke, moyo wake hutikisika. Yule huuliza katika nafsi yake, "Kama hili halikumwangusha, nina nini tena?" Wengi huishia hapo. Mugabi hakuishia hapo. Katika raundi ya 6 Hagler alimtwanga hata mtazamaji angedhani mwisho umefika. Raundi iliyofuata Mugabi alikuwa amesimama, akipiga. Jicho la kulia la Hagler likavimba likawa karibu kufumba. Raundi ya 8, ya 9, ya 10, wote wawili wakipigana kwa deni. Mtu ambaye mapambano yake mengi yalikwisha mapema, sasa alikuwa katika nchi asiyoijua, ya uchovu, na alikuwa akitembea ndani yake bila ramani. Katika raundi ya 11 aliangushwa, akakaa chini akihesabiwa, asiinuke. Alikuwa ametoa alivyokuwa navyo vyote.

Na sasa tazameni yaliyofuata kwa yule aliyeshinda. Mugabi alikuwa mtu wa mwisho ambaye Marvin Hagler alimshinda katika maisha yake. Hagler alipigana mara moja tu baada ya hapo, tarehe 6 Aprili 1987, na Sugar Ray Leonard. Akanyimwa ushindi kwa pointi ambazo zabishaniwa hata leo, akaacha ngumi, asirudi kamwe hata alipofariki mwaka 2021. Leonard mwenyewe alikuwa miongoni mwa watazamaji usiku wa Mugabi, na alieleza baadaye kwamba ni kwa kumtazama Hagler akihangaika usiku ule ndipo alipopata moyo wa kumkabili. Maana yake nini? Maana yake, mti ulioangushwa na Leonard, shoka la kwanza lilipigwa na mtu wa Kampala.

Jambo la namna hii tulilo nalo nyumbani pia. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Titus Simba wa Tanzania alifika pambano la mwisho, akashindwa na John Conteh wa Uingereza, akarudi na nishani ya fedha. Asomaye daftari huona neno "alishindwa". Lakini Conteh huyo alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1974. Kushindwa na mtu wa namna ile, katika pambano la mwisho, ni ushahidi wa ubora ambao ushindi juu ya dhaifu kumi hauwezi kuutoa. Wazee wetu walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwa unyenyekevu: asiyejua kumsoma aliyeshindwa si mwamuzi.

Mwenzangu atasema, "Lakini baada ya Hagler, Mugabi alishindwa ovyo, raundi ya 3, raundi ya 1, raundi ya 1." Ni kweli. Mimi najibu kwamba hapana budi kuuliza alikuwa amebakiwa na nini. Wako watu ambao hulipa kidogo kidogo kwa miaka, na wako ambao hulipa deni lote usiku mmoja. Nionavyo mimi, yule aliyepanda ulingoni mwezi wa Desemba 1986, miezi 9 tu baada ya Hagler, hakuwa tena yule wa Machi. Alikwenda hatimaye kukaa Australia, akaendelea kupigana hata mwaka 1999. Ukimpima kwa miaka hiyo, utakuwa kama mtu anayepima jembe kwa mpini uliobaki.

Sasa basi, ni nani aliyekosa? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini mgema huyu, alipofikiwa na mnywaji mkubwa kuliko wote, hakutia maji. Tembo lake lilikuwa kali hata tone la mwisho. Waliokosa ni wasifiaji. Walimsifu kwa jambo lisilomstahili, yaani kitabu kisicho na doa. Doa lilipoingia, wakatupa kitabu na mtu pamoja. Vinywa vile vile vilivyomwita Mnyama vilianza kusema, "Tulidanganywa, kumbe si kitu." Na usiku ule mmoja, ambao ulistahili sifa zote, haukupata hata nusu yake.

Bwana Mwenyekiti, hapa ningeweza kukoma. Lakini nitaungama jambo moja, kwa kuwa ndilo lililonifanya nikubali kusimama jioni hii. Maneno ya hoja yetu nimepata kuyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, nami sikuwa naandika habari za bondia.

Zamani kidogo, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilikuwa msimamizi wa makarani. Alikuwako kijana mmoja katika masjala aliyesifiwa na wote. Miaka 3 hakupoteza jalada hata moja, wala barua haikulala mezani kwake. Nilimsifu nami, kwa maneno makubwa, katika taarifa zake za siri. Sikujiuliza kama kazi ile ilikuwa ngumu au nyepesi. Kitabu chake kilikuwa safi, hilo lilinitosha.

Kwa sababu ya sifa hizo alihamishwa akapelekwa kituo cha mbali kufunga hesabu za mwaka. Alikuta vitabu vya stakabadhi vya watu wawili waliokwisha ondoka, kurasa zimechanika, jumla hazilingani, na wakaguzi wako njiani. Hakuwa amejifunza hesabu. Alifanya kazi usiku kwa taa ya mafuta wiki 5, peke yake. Wakaguzi walipofika, hesabu hazikulingana. Ilibaki tofauti ambayo hakuweza kuieleza. Akarudishwa kwetu, kichwa chini. Ulipofika wakati wa taarifa ya mwaka, nilichukua kalamu nikaandika sentensi moja: "Sifa zake zilizidi uwezo wake."

Sentensi ile ilimchelewesha kupanda cheo miaka 4. Mwajua taarifa za siri zilivyokuwa kabla ya utaratibu wa OPRAS kuja mwaka 2004: mwenyewe hakuona kilichoandikwa, wala hakuweza kujibu. Aliona tu wenziwe wakimpita. Alinisalimu kila asubuhi, "Shikamoo, mzee," nami nikaitika, "Marahaba," kana kwamba hapana kitu kati yetu.

Kisha nilihamishwa mimi kwenda kituo kile kile. Nilivifungua vitabu vile. Nikaona, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wake mdogo wa kalamu ya risasi, jinsi alivyoitafuta kila stakabadhi, jinsi alivyoandika pembeni, "Hii imeonekana," "Hii imethibitishwa na mlipaji." Palipokuwa na fujo ya miaka miwili alikuwa amebakiza tofauti ndogo tu. Mtu aliyefundishwa hesabu, akiwa na wasaidizi wawili, huenda asingefika alipofika yeye. Nami nilikuwa nimehukumu kwa neno moja lililosomeka mwisho wa ripoti: hazikulingana.

Niliandika barua ya kuirekebisha taarifa yangu. Ilikubaliwa, walakini miaka 4 hairudishwi kwa barua. Nilimwendea nyumbani kwake, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mzee, mimi sikuumia kwa kuwa uliniandika vibaya. Niliumia kwa kuwa ulinisifu miaka mitatu kwa kazi ambayo kila mtu angeiweza, na ile moja niliyojitoa nafsi yangu hukuitazama."

Ndugu zangu, maneno hayo nayachukua hata leo. Na nilipotazama picha za Mugabi katika simu ya mpwa wangu, katika raundi ile ya 10, nilimwona yule kijana na taa yake ya mafuta.

Nikimaliza, natoa mashauri matatu kwa sisi tunaopima watu. La kwanza, mkisikia ya kwamba mtu hajakosea kamwe, ulizeni amepewa kazi gani. Jalada jepesi halina doa kwa yeyote. La pili, mtu akishindwa, tazameni alishindwa na nini, na alifika wapi kabla ya kuanguka; msisome mstari wa mwisho peke yake. La tatu, msipande juu ya sifa za mtu wala kushuka pamoja nazo. Sifa ni za wasifiaji, kazi ni ya mtu. Sifa zikizidi, wa kulaumiwa ni aliyezitoa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naupinga mswada wa hoja kama ulivyo, nami naomba ruhusa ya mkutano tuurekebishe usomeke hivi: "Kwamba John Mugabi alisifiwa pasipostahili, na hakusifiwa vya kutosha palipostahili." Ikiwa mwenzangu atakubali marekebisho haya, basi sisi wawili tumekuwa upande mmoja tangu mwanzo bila kujua, na mkutano unaweza kwenda kunywa chai ikiwa bado moto. Asipokubali, kura zipigwe. Nikishindwa nitaketi kwa furaha, maana kushindwa na msemaji wa namna yake si aibu.